Machungwa ya Kudra na Seli za Mama Divin

Kudra Shaabani alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, akasomea Buyenzi, akaolewa Buyenzi, na kwa miaka kumi na sita alitoka Buyenzi kila asubuhi kwa miguu kwenda Zone Industrielle, kwenye zahanati ndogo ya wafanyakazi wa viwanda, kutazama damu za watu. Akiulizwa kazi yake alijibu hivyo hivyo: "Natazama." Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi nyuma ya shingo, na vidole vyake vilikuwa na umanjano usiotoka kwa sabuni yoyote.

Umanjano huo ulitoka kwenye rangi. Seli ya mwili wa mtu ukiiweka juu ya kioo peke yake huioni. Ni kutafuta maji ndani ya maji. Lazima uitie rangi. Na zahanati ile ilikuwa na hadubini ya namna yake, iliyoletwa na daktari mmoja Mbelgiji, yenye taa ya mwanga wa zambarau. Ukizitia seli rangi maalumu, ukafunga pazia jeusi la chumba, ukawasha taa ile, zinang'aa zenyewe gizani. Mbelgiji alikaa na Kudra miaka minne akimfundisha kusoma makohozi, damu, na hasa seli zinazokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi, maana alikuja Bujumbura kutafuta wanawake wenye kansa kabla kansa haijajitangaza. Mwaka wa tisini na tatu, rais alipouawa na nchi ikashika moto, mradi ulifungwa. Mbelgiji alipanda ndege na sanduku moja. Kudra akabaki na hadubini, makopo sita ya rangi, na balbu mbili za taa.

"Kila balbu ina saa mia mbili," Mbelgiji alimwambia wakati wa kuagana. "Usiiwashe kwa kujifurahisha."

Ile rangi yenyewe ilikuwa sumu. Kopo lilichorwa fuvu la mtu, na maelezo ya Kifaransa yalionya kwamba inaingia mpaka ndani ya kiini cha seli na kukiharibu. Kudra alikuwa akisuuza vioo kwenye sinki, maji yakatoka na bomba hadi mtaro wa nyuma, mtaro ukapita karibu na bustani za wanawake waliolima mboga ya lengalenga, halafu ukaingia ziwani. Siku za kazi nyingi mtaro ulipita wa manjano. Aliwahi kumwambia msimamizi. Msimamizi alisema viwanda vinamwaga mabaya zaidi ya hayo, na alisema kweli.

Mwezi wa saba wa tisini na sita jeshi lilichukua serikali, na nchi jirani zikafunga mipaka. Ambargo, watu walisema, neno likaingia vinywani pamoja na foleni za mafuta. Baadaye dawa ziliruhusiwa kupita. Lakini rangi ya maabara si dawa. Kwenye karatasi za forodha iliitwa bidhaa ya kemikali, na kemikali hazikupita. Mwezi wa kumi na mbili Kudra alikwangua kopo la sita kwa kijiko.

Ramadhani ilianza Januari. Kudra alikuwa na chupa moja ya maji ya machungwa ya Rumonge, aliyoyakamua nyumbani kwa ajili ya futari, na friji ya zahanati ilikuwa haina umeme. Kwa kuogopa yasichache, aliikaza chupa kifuniko na kuiweka ndani ya otoklave, ile sufuria kubwa ya mvuke ya kuchemshia vyombo, pamoja na vioo vya siku ile. Walikuwa wanaitumia kwa makaa. Mara milio ya risasi ikasikika upande wa milimani, watu wakaambiana waende nyumbani kabla njia hazijafungwa, na Kudra akaondoka na wenzake bila kukumbuka kilichokuwa motoni.

Asubuhi alikuta makaa yamekuwa majivu na maji ya machungwa yamekuwa kahawia, kama chai iliyosahauliwa. Aliifungua chupa, ikanuka sukari iliyoungua. Akaibeba kuelekea sinki. Njiani alipita mbele ya hadubini, aliyoiwasha dakika moja kuona kama taa bado nzima, na mwanga wa zambarau ukapiga ubavu wa chupa.

Chupa ikawaka buluu.

Kudra alirudi nyuma hatua moja. Alifunga pazia. Akaiweka tena kwenye mwanga, ikawaka tena, buluu yenye ukijani pembeni. Akachukua maji ya machungwa mabichi aliyokuja nayo siku ile, akayaweka mahali pale pale. Yalitoa mng'ao hafifu tu. Basi ni moto ndio uliofanya kitu. Aliyamimina yale ya kahawia kwenye karatasi ya kuchujia, kisha akayatia kwenye mashine ya kuzungushia damu mpaka masizi yote meusi yakalala chini. Maji ya juu yalikuwa mepesi, ya rangi ya asali, na yalizidi kung'aa.

Jioni alimweleza mumewe. Mohamadi alikuwa na gereji Buyenzi, mtu wa maneno machache ambaye mikono yake ilimjibia mengi.

"Sukari ikiungua inakuwa nini, Baba Asiya?"

"Makaa."

"Basi yale ni makaa. Lakini madogo sana. Hayalali chini hata nikiyazungusha robo saa. Yanapita kwenye karatasi."

"Makaa yaliyosagwa na nani?"

"Na moto wenyewe na mvuke. Sijui. Najua yanawaka bila moto."

Mohamadi alifikiri. "Unataka kupika tena?"

"Nataka, lakini sufuria ile inapoteza mvuke kwenye kifuniko."

Kesho yake Mohamadi alikuja zahanati na kipande cha mpira wa tairi, akakikata, akakikaza kwenye kifuniko cha otoklave, na ikashika.

Kwa wiki mbili Kudra alipika machungwa kama wengine wanavyopika maharagwe. Alijifunza kwamba saa mbili ni chache na saa nne zinatosha. Alijaribu ndimu, alijaribu maji ya miwa, na machungwa yakashinda. Kisha akakwangua ndani ya shavu lake kwa kijiti, akazitia seli tone la yale maji yaliyochanganywa na maji ya chumvi, akasubiri, akatazama. Seli zilikuwa zinang'aa. Mwili wote wa seli ulijaa mwanga wa kijani kibuluu, na kiini kilibaki kivuli cha mviringo katikati, chenye ukingo safi. Rangi ya kopo ilifanya kinyume, ilikipaka kiini na kukiua. Hii iliingia ndani ya seli na kukaa karibu na kiini bila kukigusa.

Siku iliyofuata alijichoma kidole na kuchanganya tone la damu. Chembe nyeupe zilikunywa yale makaa na zikaendelea kutambaa. Kudra hakuwahi kuona kitu hicho maishani mwake. Kwa rangi ya kopo, kila alichokitazama kilikuwa kimekufa. Hapa chembe ilinyoosha mguu, ikauvuta mwili wake, ikameza punje ya vumbi, ikaendelea na safari yake. Alikaa akiitazama mpaka adhana ya adhuhuri. Kesho yake akatazama tena. Alimwaga mabaki kwenye mtaro na mtaro ukabaki mtaro. Aliacha kuvaa glavu, maana glavu zenyewe zilikuwa zimekwisha.

Alijua pia mipaka yake. Yale maji hayakumwonyesha mdudu wa kifua kikuu wala wa malaria. Yalizing'arisha seli za mtu tu. Wagonjwa walioleta makohozi aliwarudisha bila jibu kama awali. Lakini umbo la seli aliliona vizuri kuliko zamani, na kwa umbo Mbelgiji alimfundisha kusoma kitu kimoja.

Mwezi wa tatu akaja Mama Divin.

Jina lake ni Rosette. Alikuwa mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbilia Bujumbura zamani, akaishi Kanyosha, akauza vitenge kwa kuzunguka viwandani siku za mshahara. Yeye na Kudra walizaa wiki moja, vitanda vyao vikiwa vimegusana, huyu Asiya na yule Divin, na tangu hapo hakuna aliyekula sikukuu bila kumpelekea mwenziwe sahani, Idi au Noeli. Vita vilipofika Uvira mwaka uliotangulia, Divin alikuwa kule kwa mjomba wake. Watu walisema alionekana akipanda mtumbwi wa kwenda Kigoma. Hakukuwa na habari nyingine.

Rosette aliingia maabara, akaweka furushi la vitenge chini, akakaa juu yake.

"Mama Asiya, mi niko natoka damu."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Noeli. Nilisema ni umri. Lakini umri hauna harufu."

Kudra alifunga mlango. Alimlaza kwenye kitanda cha chumba cha pili, akachukua kijiti cha mbao, akafanya alichofundishwa. Rosette alitazama dari na kuzungumzia bei ya kitambaa cha bazini iliyokuwa haifiki tena kutoka Dubai. Kudra alizipaka seli kwenye kioo, akaweka tone, akasubiri dakika zake, akafunga pazia, akawasha taa.

Seli za mwanamke mwenye afya ni pana na bapa, zimetandazwa kama chapati, na kivuli cha kiini ni kama punje ya dengu katikati. Kudra alikuwa ameona maelfu. Alichokiona sasa ni vishada vya seli ndogo zilizobanana, na katika kila moja kivuli kilikuwa kimekula karibu mwili wote, kimepinda, kingine kikubwa, kingine kimepasuka mara mbili, na mwanga umebaki kama pete nyembamba pembeni. Alisogeza kioo. Vilikuwepo na pale. Akasogeza tena.

Rosette alikuwa amevaa na kuja kusimama nyuma yake.

"Umenyamaza sana."

"Natazama."

"Na mi nitazame."

"Mama Divin, haifai."

"Ni za kwangu. Sogea."

Kudra alisogea. Rosette aliinama, akafunga jicho moja kama alivyoona wengine wakifanya, akatazama.

"Iko muzuri," alisema mwishoni. "Inawaka kama mawe ya pete. Mi nilizani nitaona kitu kichafu." Aliendelea kutazama. "Njo hii?"

"Ndiyo hii."

"Inaitwa namna gani?"

Kudra alimwambia jina lake: kansa. Rosette aliinua kichwa, akachukua furushi lake, akauliza ni nani anayeitoa.

Aliyeweza kuitoa alikuwa Dokta Melchior. Alifika zahanati mara mbili kwa wiki, na siku nyingine alikuwa chumba cha upasuaji mjini. Alimpima Rosette siku hiyo hiyo kwa heshima, akaosha mikono, akamwita Kudra pembeni.

"Nimeona kidonda kidogo. Kinaweza kuwa uchafu tu wa kawaida. Nimemupa dawa ya kukausha."

"Dokteri, si uchafu. Nimeona seli."

"Kwa rangi gani? Si rangi ilikwisha?"

Kudra alimweleza. Hakuficha otoklave wala futari. Dokta Melchior alisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukionyesha uchovu tu, maana alikuwa amelala chini ya saa tatu.

"Mama Kudra, vitanda vyangu vyote vina watu wa risasi na wa mabomu ya ardhini. Dawa ya usingizi niliyo nayo haifiki mwisho wa mwezi. Nikimufungua huyu mama, nikamutoa kizazi, nikaulizwa kwa nini, niseme machungwa yalisema?"

"Peleka kipande Nairobi wakitazame."

"Kwa ndege gani?"

Hakuna ndege iliyokuwa ikienda. Kudra alilijua hilo kabla ya kusema.

Jumapili alipanda teksi ya kuchangia mpaka Kibenga, nyumbani kwa daktari, karibu na ziwa. Alimkuta na shati la nyumbani akimwagilia majani kwa ndoo. Alijitayarishia maneno mengi, akatumia machache.

"Dokteri, sikuombi uniamini. Nakuomba utazame kwa macho yako. Ukiona si kitu, sitarudi tena."

Dokta Melchior alitua ndoo. "Ijumaa," alisema. "Saa nne. Nikitazama nikaona unachosema, nitamutafutia nafasi. Nitamutafutia hata kama ni ya mwisho."

Ijumaa saa nne alikuja, na umeme haukuwepo. Nguzo zilikuwa zimekatwa huko juu. Walikaa wote watatu ndani ya chumba cheusi mpaka saa sita, Kudra, Rosette na daktari, wakisubiri, na daktari akaondoka na kuahidi Jumatatu. Jumatatu umeme ulikuwepo tangu alfajiri. Dokta Melchior alivuta kiti, akavua miwani, akaweka jicho. Kudra alibonyeza kitufe. Taa ilitoa mlio mdogo kama wa mbu, ikawa nyekundu, ikafa.

Alibonyeza tena. Alibonyeza mara nyingi, mpaka daktari mwenyewe akamshika mkono.

Pembeni ya kisanduku cha taa kulikuwa na saa ndogo yenye tarakimu. Kudra alikuwa akiisoma kila siku kwa miaka, lakini tangu Januari aliacha kuisoma. Siku ile chupa ya kwanza ilipowaka, balbu ya pili ilikuwa imebakiza saa kumi na nne. Saa tisa kati ya hizo, na zaidi, alizimaliza kwa zile chembe nyeupe, akizitazama zikitembea, kwa sababu zilikuwa nzuri na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha. Alimwambia Mohamadi jambo hilo mara moja, wakiwa wanakula, na hakulirudia.

"Usijihukumu kwa kufurahi," Mohamadi alisema. "Hata sisi gereji tunawasha injini tusikilize tu."

"Injini yako haiui mtu."

Mohamadi alichukua siku tatu za kazi akatafuta mwanga. Alijaribu taa ya kuchomea vyuma, ikakaribia kuwapofua. Aliazima kwa mbadilishaji wa fedha taa yake ndogo ya zambarau ya kukagulia dola bandia; ile chupa iliwaka vizuri mbele yake, lakini kwenye hadubini, kupitia vioo vile vyote, seli zilionekana kama ukungu tu. Mwishowe walimtafuta Akilimali, Mkongomani aliyekuwa anapitisha bidhaa kwa njia alizozijua mwenyewe, wakampa balbu iliyokufa imefungwa ndani ya soksi ili aonyeshe Nairobi. Akilimali aliipindua mkononi.

"Hii hawauzi dukani," alisema. "Lakini nitauliza."

Ilikuwa mwezi wa nne. Rosette alimaliza dawa za kukausha, damu ikapungua wiki mbili, na watu wa kwao wakamwambia amepona. Aliendelea kuuza vitenge. Kila alipopita Zone Industrielle aliingia maabara na kuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia mzigo, "Taa?" Kudra akajibu, "Bado." Mwezi wa sita aliacha kubeba furushi mwenyewe. Mwezi wa nane aliacha kuja.

Kudra alirudi kwa Dokta Melchior mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta ameingia upasuaji na waliojeruhiwa kwenye basi. Mara ya pili daktari alisema amlete Rosette tu, amtazame bila hadubini, na siku hiyo Kanyosha ilikuwa imezungukwa na askari. Rosette hakuweza kutoka wala Kudra kuingia. Ilipofunguliwa, daktari alikuwa ametumwa mikoani kwa wiki tano.

Balbu ilifika mwezi wa kumi, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, imezungushiwa pamba. Akilimali hakueleza ilikopita. Kitako chake kilikuwa kipana kuliko cha zamani, na Mohamadi alikaa asubuhi nzima akikichongea mahali pa kukaa kwa tupa. Ilipowaka, Kudra alishukuru Mungu kwa sauti, akatuma mtu Kanyosha, akamtumia habari Dokta Melchior aliyekuwa amerudi.

Rosette aliletwa kwa baiskeli ya mzigo. Alikuwa amekwisha mwili. Daktari alimpima kwanza, muda mrefu, na Kudra alimwona usoni kabla hajasema. Hata hivyo alikuja kukaa kwenye hadubini, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Alitazama. Alimwomba Kudra amwekee kioo cha mtu mwenye afya ili alinganishe. Kudra akaweka cha kwake mwenyewe. Akatazama hicho, akarudia cha Rosette.

"Ulisema kweli," alisema bila kuondoa jicho. "Mwezi wa tatu ulisema kweli."

"Na sasa?"

"Sasa kidonda kimefika pembeni, mpaka kwenye mfupa wa nyonga. Kisu hakifai tena. Kuna miale ya kuchoma, lakini si kwa nchi hii."

Kwenye nchi ambazo miale ilikuwepo, mpaka ulikuwa umefungwa, na Rosette hakuwa na pasipoti yoyote. Alikuwa na kadi ya mkimbizi tu, yenye jina la zamani la nchi yake, lililobadilishwa mwaka uleule. Dokta Melchior aliandika barua tatu kwa mashirika. Kudra alizipeleka kwa mkono. Moja ilijibiwa: walisikitika.

Rosette alikufa mwezi wa pili wa tisini na nane, nyumbani kwake Kanyosha, mchana. Kudra alikuwa akienda kila njia ilipokuwa wazi, na vidonge vya kutuliza alivyoviokota kimoja kimoja kwa wauguzi aliowajua. Havikutosha. Alimwosha, akambadilisha nguo, akamchomea udi kwa sababu ya harufu. Wiki ya mwisho Rosette alimwuliza swali moja.

"Zile seli. Ziko zinatembea na sasa?"

"Ziko."

"Kuzitazama si kuzishika," Rosette alisema, na hakusema kwa lawama. Kisha akaomba ageuziwe upande wa ukuta.

Wakristo wa kanisa lake walimzika. Kwenye karatasi ya kifo palipaswa kuandikwa ugonjwa. Karani aliomba cheti cha maabara inayotambuliwa. Kudra alitoa chake, chenye mhuri wa zahanati, na karani akauliza njia iliyotumika. Aliposikia alikirudisha taratibu juu ya meza na kuandika *maladie non précisée*, ugonjwa usiotajwa. Dokta Melchior alijitolea kwenda kusema mwenyewe. Alikwenda. Karatasi ilikuwa imeshapelekwa.

Kudra alimwandikia Mbelgiji kurasa sita. Alieleza kila kitu, kiasi cha maji, saa za moto, seli zinazobaki hai, mtaro usiochafuka. Ambargo ilipoondolewa mwanzoni mwa tisini na tisa, majibu yakafika pamoja na kifurushi. Barua ilikuwa ya upole. Ilisema sukari iliyoungua hung'aa kweli, kwamba ni kero inayojulikana kwenye maabara, kwamba isitumike kwa wagonjwa bila vipimo vya kulinganisha ambavyo hawezi kuvifanya pale alipo, na kwamba alivutiwa na bidii yake. Kwenye kifurushi kulikuwa na makopo manne ya rangi ile ya zamani, na glavu.

Msimamizi alifurahi. Aliagiza chupa za machungwa ziondolewe rafuni kwa sababu zilivuta sisimizi. Kudra alizimwaga mwenyewe, isipokuwa moja aliyoipeleka nyumbani na ambayo Asiya, bila kujua, aliiosha na kutia mafuta ya kula. Wiki ile ile alianza kusoma makohozi tena, na wagonjwa wa kifua wakapata majibu, na vidole vyake, vilivyokuwa vimeanza kurudia rangi yake, vikawa vya manjano tena. Hakumlalamikia mtu. Watu wale walihitaji majibu.

Mwezi wa tano akaja mgeni kutoka Uvira. Aliitwa Fabiola, mdogo wa Rosette, na alikuwa amevuka mpaka kwa siku moja na karatasi ya kuazima. Vita vipya vilikuwa kwao. Alikuja kuchukua vitu vya dada yake, akaelekezwa kwa Kudra.

"Kwenye karatasi hawakuandika alikufa na nini," Fabiola alisema. "Mi nilitaka kujua."

Kudra alimkalisha kwenye kiti na kumwambia yote, polepole, bila kuruka sehemu yake. Fabiola alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipomaliza, mgeni aliuliza kuhusu Divin, na Kudra alisema hakuna habari.

Kisha Fabiola akasema, "Mama yetu naye alikufa na damu. Tulizani ni kulogwa. Mi nina miaka makumi tatu na nane. Nifanye nini?"

"Upimwe. Kila mwaka upimwe, kabla hujaona kitu."

"Wapi?"

Uvira hakukuwa na maabara. Ile iliyokuwepo iliporwa mpaka milango. Njia ya kwenda mji wa Bukavu ilikuwa imekatika. Hapa kwake, karatasi ya Fabiola ilikuwa inakwisha saa kumi na moja ya jioni ile, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kudra alitazama swichi ukutani, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, aliyesubiri kwa adabu. Angeweza kuchukua seli leo na kuzitazama kesho, lakini jibu lisingepata njia ya kuvuka mpaka. Alisema wasubiri kidogo, huenda umeme utarudi. Wakasubiri. Saa tisa na nusu Fabiola akasimama, maana basi la mwisho la mpakani lilikuwa halingoji mtu. Kudra alimbebea nusu ya mzigo mpaka kituoni, akampandisha, akasimama pale mpaka gari likaondoka.